Mzio wa lateksi kwa kijana aliyeumia uti wa mgongo: mwongozo kamili wa nyumbani, shuleni na hospitalini

Kijana anapoumia uti wa mgongo, iwe kwa ajali ya bodaboda, kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi au kwa kupiga mbizi kwenye maji ya kina kifupi, familia yake hufundishwa mambo mengi kwa mkupuo: kumgeuza kitandani, kutoa mkojo kwa mpira, kumsaidia choo, kukagua ngozi kila siku. Jambo ambalo mara nyingi halitajwi wodini ni kwamba glavu na mipira inayotumika katika kazi hizo hizo inaweza, kidogo kidogo, kuuzoesha mwili wake kupambana na mpira wa asili, yaani lateksi. Mwili ukishafika hapo, glavu ya kawaida inatosha kumvimbisha midomo, kumbana kifua au kumwangusha presha hadi apoteze fahamu.

Ninawaandikia wazazi, ndugu wanaouguza, walimu, wauguzi wa zahanati na vijana wenyewe. Msimamo wangu ni huu: kijana mwenye jeraha la uti wa mgongo asiguswe na lateksi tangu siku ya kwanza, hata kama hajawahi kuonyesha dalili yoyote. Mzio huu ukishaingia hakuna dawa ya kuung'oa. Dawa zilizopo hutuliza dalili tu, na kinga ya kweli ni kukaa mbali na lateksi.

Kwa nini wao hasa

Lateksi ni utomvu mweupe wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis. Ndani yake mna protini ambazo hubaki kwenye bidhaa hata baada ya kiwanda kuzisafisha, hasa bidhaa zinazotengenezwa kwa kuchovya kalibu ndani ya utomvu: glavu, baluni, kondomu, katheta (mipira ya kutolea mkojo). Protini hizo hupenya kwa urahisi zaidi kwenye utando laini kuliko kwenye ngozi nzima, yaani njia ya mkojo, puru, mdomo na kidonda kilicho wazi. Sasa piga hesabu. Kijana anayetoa mkojo mara 4 hadi 6 kwa siku hugusana na katheta kati ya mara 1,500 na 2,200 kwa mwaka, bila kuhesabu ratiba ya choo, usafi wa vidonda na upasuaji.

Dunia ilijifunza habari hii kwa uchungu kupitia watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambao hufanyiwa upasuaji tangu wakiwa wachanga. Mwaka 1991 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa kuhusu watoto waliopata mshtuko wa mzio wakiwa usingizini kwenye meza ya upasuaji, wengi wao wakiwa watoto wa mgongo wazi. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa kufariki kutokana na puto la lateksi lililokuwa kwenye ncha ya mpira wa kuingizia dawa ya eksirei kupitia puru. Tafiti mbalimbali kuhusu watoto wa mgongo wazi zimekuta kati ya asilimia 18 na 73 miongoni mwao miili yao imeshaanza kuipinga lateksi.

Kijana aliyeumia baada ya kuzaliwa hana hatari kubwa kiasi hicho, lakini yuko juu ya mtu wa kawaida, na tafiti zilizofanywa Marekani miaka ya 1990 kwa watoto na vijana walioumia uti wa mgongo zilionyesha hivyo. Mwangalie kwa jicho la pekee aliyeumia akiwa mdogo, aliyepasuliwa mara nyingi, na mwenye historia ya pumu, pumu ya ngozi au mafua ya mzio.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Si kila upele wa glavu ni mzio. Kuna ngozi kukauka, kuwa nyekundu na kupasuka kwa sababu ya jasho, sabuni na unga wa ndani ya glavu. Huo ni muwasho wa kawaida, hauui mtu. Kuna upele unaotokea saa 24 hadi 48 baada ya kuguswa, wenye malengelenge madogo na ngozi kuwa kama ya pumu ya ngozi. Huu ni mzio wa kemikali zinazoongezwa kiwandani ili mpira ukomae, na kwa kuwa kemikali hizo zimo pia katika baadhi ya glavu za nitrili (mpira wa kutengenezwa kwa kemikali, usio na lateksi), kubadili glavu peke yake wakati mwingine hakuumalizi.

Aina ya tatu ndiyo tunayoihofia: mzio wa protini zenyewe. Huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Mabaka yaliyovimba na kuwasha, macho mekundu, chafya mfululizo, midomo au kope kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na kutoa mlio, tumbo kusokota, kutapika, kizunguzungu, presha kushuka.

Hapa jeraha la uti wa mgongo linabadilisha kila kitu. Mtu mwingine akipata mabaka mapajani atajikuna, nawe utajua. Kijana huyu hahisi mwasho chini ya jeraha lake. Mabaka yanaweza kumjaa mapaja na makalio akiwa anaongea nawe kwa furaha. Kwa hiyo macho yenu yafanye kazi ambayo neva zake haziwezi kuifanya: baada ya kila shughuli ya katheta au choo, angalia sehemu za siri, mapaja, makalio na tumbo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha kiganja utafute uvimbe na joto, na tazama kwa mwanga unaotoka ubavuni.

Hatua ya 2: Uliza, andika, kisha pima

Kaa naye umuulize maswali haya na uandike majibu kwenye daftari lake la kliniki. Amewahi kuvimba midomo akipuliza baluni? Hupiga chafya chumba kikiwa na glavu zenye unga? Amewahi kuvimba baada ya kwenda kwa daktari wa meno? Kondomu imewahi kumletea mwasho au uvimbe? Kuna tunda linalomwasha mdomo au koo? Katika upasuaji wowote, wahudumu waliwahi kusema presha yake "ilileta shida" bila sababu kujulikana? Swali la mwisho ni la thamani sana, maana mshtuko wa lateksi kwenye chumba cha upasuaji mara nyingi hujitokeza baada ya upasuaji kuwa umeshaanza, mwili ukiwa umefunikwa na mashuka, na unaweza kuandikwa kama tatizo la dawa ya usingizi.

Vipimo vipo vya aina mbili. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili za IgE dhidi ya lateksi. Ni salama, ila kinaweza kusema hakuna mzio ilhali upo. Kipimo cha kuchoma ngozi kidogo kwa tone la lateksi hufanywa na mtaalamu wa mzio, mahali penye adrenalini (dawa ya dharura ya mshtuko wa mzio), na dawa za mzio kama cetirizine husimamishwa siku kadhaa kabla kwa maelekezo yake. Ule upele wa kuchelewa hupimwa kwa kubandikwa kiraka mgongoni.

Msifanye majaribio nyumbani. "Hebu tumvalishe kidole kimoja cha glavu tuone" ni wazo la kumtia mtu kaburini. Na kama vipimo havipatikani karibu nanyi au bei yake imewashinda, historia nzuri inatosha kumhesabu kuwa na mzio. Majibu safi pia hayamrudishi kwenye lateksi: mwili usio na mzio leo unaweza kuupata baadaye ukiendelea kuguswa.

Hatua ya 3: Anza na mkojo na choo

Kama nguvu na pesa zenu zinatosha kubadili mahali pamoja tu, badilini hapa.

Glavu kwanza. Nunueni za nitrili au vinili. Nitrili ni imara zaidi na hazipasuki ovyo, vinili ni nafuu na zinatosha kwa usafi mfupi. Someni maandishi ya boksi, msiamini rangi. Glavu za nitrili nyingi ni za buluu, lakini lateksi nayo hutiwa rangi. Epukeni kabisa glavu za lateksi zenye unga. Unga ule ni wanga wa mahindi, hunasa protini za lateksi na kuzipeperusha hewani kila glavu inapovutwa, hivyo hata anayekaa pembeni huzivuta. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga hospitalini kuanzia Januari 2017. Na neno "hypoallergenic" (yaani isiyoleta mzio kirahisi) kwenye boksi halimaanishi kwamba hakuna lateksi. Tafuteni maneno "nitrile", "vinyl" au alama yenye neno LATEX lililokatwa kwa mstari.

Katheta ya kutoa mkojo na kuondoa papo hapo, njia iliyoenezwa na daktari Jack Lapides wa Michigan mwaka 1972, inapatikana kwa urahisi katika plastiki ya PVC. Ni ile Nelaton inayopenyeza mwanga, yenye kishikio cha rangi kinachoonyesha saizi. Iacheni ile nyekundu au ya kahawia inayonyumbuka kama mpira wa manati.

Tatizo kubwa ni katheta ya kukaa, Foley. Ukienda duka la dawa ukaomba mpira wa mkojo bila kufafanua, uwezekano mkubwa utapewa wa rangi ya manjano au kahawia ulioandikwa "siliconized latex" au "silicone coated". Hiyo ni lateksi iliyopakwa silikoni juu, na kwa mwenye mzio haifai hata kidogo. Unachotaka ni ile iliyoandikwa "100% silicone" au "all silicone", ambayo huwa angavu. Bei yake ni kubwa, lakini ya silikoni tupu hukaa hadi wiki 12, wakati nyingi za lateksi iliyopakwa hubadilishwa mapema zaidi. Gawa bei kwa wiki, ongeza gharama ya muuguzi na nauli ya kila kubadilisha, ndipo ulinganishe. Puto lake lijazwe kwa maji safi ya sindano, si ya chumvi, na kwa kuwa maji hupenya polepole kwenye silikoni, katheta inaweza kulegea kabla ya muda wake. Mwambieni muuguzi aangalie. Wakati wa kuitoa, acheni maji yatoke yenyewe kwenye bomba la sindano badala ya kuyavuta kwa nguvu, maana puto la silikoni likivutwa hujikunja na kukwaruza njia ya mkojo.

Wavulana wengi huvaa katheta ya nje, ile ya kuvaliwa kama kondomu. Ipo ya silikoni. Ile ya kujitengenezea, kondomu ya kawaida iliyofungwa kwenye bomba, ni lateksi inayokaa kwenye ngozi usiku kucha, katika joto na unyevu. Iacheni. Kama ya silikoni haipatikani, afadhali kutoa mkojo kwa Nelaton kwa saa maalumu, au nepi kwa usiku mmoja, kuliko hiyo.

Kwa upande wa choo, kuchochea kwa kidole kilichovaa glavu ya lateksi ni kupeleka protini moja kwa moja kwenye utando wa puru, pahali palipowaua wale wagonjwa wa eksirei. Glavu ya nitrili hapa haina mjadala. Mpira wa enema uwe wa PVC au silikoni, usio na puto la lateksi. Kilainishi kiwe cha maji au jeli ya ganzi aliyoandikiwa.

Hatua ya 4: Nyumba, kiti na shule

Si lazima mchome kila kitu chenye mpira. Mpira mgumu uliochemshwa na kukomaa, kama matairi ya kiti cha magurudumu, hutoa protini kidogo sana ukilinganisha na baluni au glavu. Tubu nyingi za siku hizi ni za butili, ambayo ni mpira wa kutengenezwa kwa kemikali. Godoro la sponji la kawaida halina lateksi, na rangi za ukuta zinazoitwa za lateksi hazina mpira wa asili. Hofu ielekezeni mahali pake.

Tazameni vitu vinavyonyumbuka na kugusa ngozi kwa muda mrefu: makintoshi ya kitandani ya mpira mwekundu (badilisheni na ya plastiki, au tandikeni shuka nene juu yake), lastiki iliyo wazi kwenye chupi na soksi, bandeji za kuvuta, plasta za zamani, chupa ya mpira ya maji ya moto, vishikio na soli za magongo, mikanda ya mazoezi ya viungo. Fundi wa mazoezi akitumia mkanda wa kuvuta, mwulize umetengenezwa kwa nini, kisha uzungushieni kitambaa. Ndala za mpira avae na soksi za pamba, na ngozi ya miguu ikaguliwe, kwa kuwa huko hahisi.

Shuleni adui mkubwa ni baluni. Sherehe ya mahafali yenye baluni zinazopasuka ndani ya ukumbi uliofungwa humrushia lateksi hewani. Mzazi azungumze na mwalimu wa darasa na matroni mapema: vitambaa na karatasi za rangi zinapendeza vile vile. Mengine ni vifutio, mipira ya kufungia karatasi na sanduku la huduma ya kwanza, ambalo mara nyingi huwa na glavu za lateksi pekee. Wekeni ndani yake jozi za nitrili zilizoandikwa jina lake.

Hatua ya 5: Chakula, bila kumnyima

Baadhi ya protini za lateksi zinafanana na za vyakula fulani, na kati ya asilimia 30 na 50 ya wenye mzio wa lateksi huathiriwa na tunda moja au zaidi. Vinavyotajwa zaidi ni ndizi mbivu, parachichi, kiwi na njugu aina ya chestinati, kisha papai, embe, nyanya na viazi. Kwetu sisi muhogo unastahili kutajwa kwa nafasi yake. Muhogo na mti wa mpira ni wa familia moja ya mimea, na madaktari wa Ureno na Brazili wameripoti wagonjwa wa lateksi walioathiriwa na muhogo. Kuna pia kisamvu cha mpira, ule mti ambao Wajerumani waliupanda Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake na leo majani yake huliwa mezani. Mwenye mzio asiyachume wala kuyatwanga mwenyewe, na kabla ya kuyala aongee na daktari wake.

Lakini msimfutie orodha nzima kwa hofu. Parachichi, papai na matunda mengine ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye utumbo wake umekuwa mzito, na vidonda vya shinikizo havifungi kwa mtu anayekula vibaya. Chakula alichokuwa akila miaka yote bila shida, aendelee nacho. Kile kinachomwasha mdomo, kumkwaruza koo au kumletea mabaka, kiachwe na kiandikwe.

Hatua ya 6: Hospitali

Hatari kubwa zaidi nje ya nyumba ni mahali pale anapokwenda kutibiwa. Wauguzi wetu ni wabunifu kwa sababu vifaa ni haba, na ubunifu mwingi hutumia glavu: glavu iliyofungwa mkononi wakati wa kutafuta mshipa, glavu iliyojazwa maji chini ya visigino kuzuia vidonda, kidole cha glavu kilichokatwa kutolea usaha kwenye jeraha, glavu iliyopulizwa ili mtoto anyamaze. Kila moja kati ya hizo ni hatari kwake. Msisubiri kuiona mkononi mwa mtu, itajeni mapema.

Maneno yawe mafupi na ya heshima, kabla ya mtu yeyote kumgusa. Kijana anaweza kusema mwenyewe: "Shikamoo sista. Nina mzio wa lateksi, glavu za mpira zinanidhuru. Zangu za nitrili hizi hapa, naomba utumie hizi." Mzazi aombe neno MZIO WA LATEKSI liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili, kwenye chati ya kitandani na kwenye mkanda wa mkononi. Zamu ikibadilika, semeni tena. Msione aibu, zamu mpya haikusikia ya kwanza.

Kwa kuwa katika hospitali nyingi ndugu huandikiwa vifaa wakanunue, hapo mna nafasi ya kusimamia wenyewe. Mfuko wake uwe na glavu za nitrili, katheta mbili za silikoni tupu au Nelaton za PVC, kamba ya kitambaa ya kufungia mkono, bandeji isiyo na lateksi na plasta aliyoizoea. Kipimo cha presha kivalishwe juu ya mkono wa shati.

Upasuaji ukipangwa, mwoneni daktari wa usingizi siku kadhaa kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Ombeni awe mgonjwa wa kwanza siku hiyo, kabla glavu nyingi hazijavutwa na kuvuliwa chumbani. Timu nzima ivae glavu zisizo za lateksi, pamoja na anayesafisha na anayepokea vyombo. Kumpa dawa za mzio au steroidi kabla ya upasuaji hakumkingi na mshtuko, kwa hiyo mkiambiwa "tutampa sindano halafu tutumie glavu zilizopo", kataeni kwa upole na muombe siku nyingine. Kwa upasuaji wa dharura hakuna muda wa kuahirisha. Hapo mfuko wenu ndio utakaookoa.

Hatua ya 7: Dharura mbili zenye sura moja

Someni sehemu hii mara mbili. Kijana aliyeumia katika pingili ya sita ya kifua, T6, au juu zaidi, yaani karibu na usawa wa chembe cha moyo kwenda juu, anaweza kupata hali nyingine ya hatari ambayo madaktari huiita otonomiki disrefleksia. Kibofu kikijaa, choo kikikwama au ukucha ukimchoma mahali asipohisi, presha hupanda kwa kasi na inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Uso huwa mwekundu na moto, jasho humtoka juu ya jeraha, pua huziba, moyo humwenda mbio au polepole, wasiwasi humjaa. Linganisha na mshtuko wa mzio: uso kuwaka, pua kuziba, wasiwasi. Na zote mbili hupenda kutokea wakati ule ule, wa katheta na choo. Tiba zake zinapingana.

Kinachozitenganisha ni presha. Ndiyo maana kila nyumba ya kijana wa T6 kwenda juu inahitaji mashine ya presha, na daftari lenye presha yake ya kawaida. Wengi wao hukaa chini, 90 kwa 60 hivi, hivyo 120 inayoonekana nzuri kwa mwingine inaweza kuwa imepanda kwake.

Presha (namba ya juu) ikiwa imepanda kwa 15 hadi 20 au zaidi juu ya kawaida yake, na kichwa kinamgonga vibaya, hiyo ni disrefleksia. Mkalisheni wima, miguu ining'inie, legezeni mkanda, viatu na mfuko wa mkojo. Tafuteni sababu, kibofu kwanza, kwa katheta na glavu zisizo za lateksi. Ukikimbilia glavu yoyote iliyo karibu unaweza kumwongezea mshtuko juu ya disrefleksia. Pimeni presha kila baada ya dakika chache. Isiposhuka haraka, hospitali.

Presha ikiwa imeshuka, au kifua kinatoa mlio, ulimi na midomo vimevimba, mabaka yamemjaa, anatapika au analegea, huo ni mshtuko wa mzio. Kasi ya mapigo isikuamulie peke yake, maana jeraha la juu hubadilisha jinsi moyo wake unavyojibu. Fanyeni hivi:

1. Ondoeni lateksi: glavu, katheta, chochote. Osheni sehemu iliyoguswa.
2. Mlazeni chali, inueni miguu. Kama anahema kwa shida sana, kichwa na kifua viinuliwe lakini miguu ibaki imenyooka. Asikalishwe ghafla, asipakiwe bodaboda. Kuinuka ghafla presha ikiwa chini kumewahi kuua watu. Tafuteni gari ambalo atalala.
3. Adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, kisichozidi miligramu 0.5. Kwa ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1, kijana wa kilo 40 hupata mililita 0.4. Irudiwe baada ya dakika 5 hadi 15 kama hajapata nafuu.
4. Mpelekeni hospitali hata akiamka na kucheka. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kalamu za adrenalini zinazojidunga zenyewe ni adimu na ghali kwetu. Mwombeni daktari awaandikie ampuli na sindano, aandike kipimo cha kijana kwa mkono wake, na muuguzi awafundishe kuvuta na kuchoma kwa maji ya chumvi hadi mikono isitetemeke. Ampuli ikae gizani, mbali na joto. Ikigeuka rangi kuwa ya waridi au kahawia, itupwe. Vidonge vya cetirizine au piritoni hutuliza mwasho tu. Havifungui koo lililofunga, na kuvisubiri vifanye kazi hupoteza dakika ambazo adrenalini ilizihitaji.

Daktari pia ajue dawa zake nyingine, hasa dawa za presha aina ya propranolol na atenolol, kwa sababu hupunguza nguvu ya adrenalini.

Hatua ya 8: Kijana ajisimamie

Mzazi hatakuwepo chuoni, kazini wala safarini. Kuanzia miaka 12 au 13 mpeni kazi ya kusoma maandishi ya boksi mwenyewe, kuwaeleza wauguzi mwenyewe, kupanga mfuko wake. Avae bangili au kadi shingoni yenye maneno machache: jina, kiwango cha jeraha, presha ya kawaida, MZIO WA LATEKSI, namba ya ndugu. Anayesafiri nje ya Afrika Mashariki aongeze maneno hayo kwa Kiingereza au Kifaransa.

Na zungumzeni kuhusu kondomu. Najua wazazi wengi hunyamaza hapa, na wengine hudhani kiti cha magurudumu kimeondoa haja ya mazungumzo hayo. Hakijaondoa. Kondomu nyingi za kiume ni lateksi, na mwenzi asiye na mzio akiivaa humgusa aliye nao. Zipo za poliyurithini na poliaisoprini katika baadhi ya maduka makubwa ya dawa. Kondomu ya kike aina ya FC2 imetengenezwa kwa nitrili, na huweza kupatikana kwenye kliniki za uzazi wa mpango. Zile za utumbo wa kondoo zisitumike kwa kinga, kwa sababu haziwazuii virusi vya UKIMWI. Mweleweshe kwamba mzio si sababu ya kuacha kujikinga. Ni sababu ya kuchagua kinga nyingine, na muuguzi wa kliniki anaweza kumsaidia kuipata kwa faragha bila mama wala baba kuwepo.

Tarehe moja ya kila mwezi akague mfuko wake: ampuli haijaisha muda, haijabadilika rangi, sindano zipo, glavu za nitrili hazipungui jozi tano, katheta ya akiba ina maandishi "100% silicone" au ni Nelaton ya PVC, betri ya mashine ya presha inafanya kazi, na namba za ndugu kwenye kadi bado zinapatikana.